Kila Diski na Waya Wake

Stavik, Dakota Kaskazini
Jumapili, 14 Agosti 2005

Mdogo wangu Royce,

Nimechoka, na naanza na hilo ili usije ukaniuliza mbona mwandiko umelala. Wiki nzima nimepiga magoti kwenye sakafu ya shule nikifunga kompyuta, na magoti ya miaka sitini na moja yana mdomo, yanasema. Ningekupigia simu, lakini sisi kwa simu tunagombana hata salamu hazijaisha. Kwa barua angalau mtu anamaliza anachotaka kusema.

Ile katoni yako imepata kazi. Uliponipigia mwisho wa Julai, "Dada, chukua diski thelathini, chukua sasa, mwezi usiishe," nilidhani umelewa. Thelathini! Mimi naunda na kuuza kompyuta mbili kwa mwezi, tatu Krismasi ikikaribia. Lakini wewe ndiye mtu wangu huko kwa msambazaji, nikasema labda kuna jambo analijua, nikachukua. Kumbe benki ya Hadley inafungwa, na kompyuta zao thelathini wakaipa shule yetu. Zimefutwa kila kitu, hata mfumo wa kuziendesha hazina. Mwalimu Corliss Brekke akaja dukani anahema. "Ardith, nina mashine thelathini na zote bubu!" Nikamwambia, "Keti unywe kahawa, dawa ya bubu ninayo."

Bodi ya shule unaijua, haikai ila Jumanne ya pili ya mwezi. Hata paa likiwaka moto watasubiri Jumanne ya pili. Wakakaa tarehe tisa, wakapitisha, na kesho yake nikaandika risiti na kuanza kazi.

Kanuni ni ile ile tunayoijua: diski hizi za mfumo, za bei ya chini tunayopewa sisi waundaji, haziuzwi peke yake, lazima ziandamane na kifaa. Basi nikafanya kama wauzaji wote wanavyofanya miaka yote, kila diski na waya wake wa umeme, mfuko mmoja, risiti moja. Corliss alicheka mpaka akapaliwa. "Nyaya za nini, na mashine zote zina nyaya zake?"

"Za kanuni," nikamwambia. "Weka kabatini, usiulize maswali ya Mungu."

Stika za leseni nimezibandika mwenyewe, moja ubavuni mwa kila mashine, zimenyooka. Unanijua. Kanuni ikisema bandika, nabandika. Mashine nne zilikuwa mahututi, kapasita kwenye madabodi, ule ubao mkuu unaobeba kila kitu, zimevimba kama mtu aliyeng'atwa na nyuki. Nikang'oa madabodi za zamani, nikaweka mpya za stoo kwangu. Sasa hizo nne ndizo zinazokimbia kuliko zote.

Na gazeti letu limekuja kupiga picha! Mimi nimeinua mfuko wa diski na waya, Corliss pembeni amefumba macho kama kawaida yake. Chini wameandika nilivyowaeleza: kila diski na waya wake. Nimekata nakala tatu. Moja hii hapa, nyingine nimeipeleka kwa lile jarida la ofisini kwenu, si mlisema mnataka habari za wauzaji wadogo? Tangu Baba afungue duka mwaka 1951, akitengeneza redio na televisheni za wilaya nzima, hakuna aliyetutoa gazetini. Ya tatu nimeibandika juu ya benchi lake.

Joanne anaendeleaje na zile dripu? Mwambie wifi yangu kanisani tunamtaja kila Jumapili, mchungaji akisahau mimi namkoholea.

Dada yako,
Ardith

*

Minneapolis
Alhamisi, 18 Agosti 2005

Dada mkubwa, mheshimiwa wa magazeti,

Hongera! Picha nimeiona, na Corliss kweli amelala wima. Joanne ameibandika kwenye friji. Anakusalimu sana. Dripu zinamchosha, Jumanne akitoka hospitali hali kitu mpaka Ijumaa, lakini daktari anasema dawa inafanya kazi yake. Bado sita.

Asante tena kwa kuchukua ile katoni. Sikukwambia wakati ule, lakini uliniokoa. Mkuu wetu, Bwana Tolliver, alitupanga mstari mwezi Juni akasema asiyefikisha lengo mwisho wa Julai aanze kutafuta maboksi ya kufungia vitu vyake. Katoni yako ndiyo iliyonivusha.

Maswali madogo tu, ya makaratasi, usijali. Ile nakala ya gazeti uliyoleta kwa jarida, uliandika jina la mtu au ulituma tu ofisini? Na risiti ya shule ina tarehe gani? Watu wengine huandika tarehe waliyopokea mzigo, si tarehe waliyouza, na hakuna anayelalamika. Kama Corliss hajaipeleka kwa mhasibu, unaweza kumwambia unaiandika upya kwa sababu ya mwandiko. Ni wazo tu.

Pumzisha magoti.

Mdogo wako,
Royce

*

Stavik
Jumapili, 28 Agosti 2005

Royce,

Risiti ina tarehe kumi Agosti kwa sababu niliuza tarehe kumi Agosti. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipokuwa unatania.

Sasa nimeelewa ulikuwa unauliza nini. Ijumaa imekuja barua kutoka ofisini kwenu, kitengo cha leseni. Wameiona picha. Nanukuu, maana nimeikariri: "Kama tulivyowaarifu wauzaji wote mwezi Juni, kuanzia tarehe mosi Agosti diski za bei ya chini zitauzwa tu ndani ya kompyuta nzima iliyoundwa na muuzaji mwenyewe. Waya, kipanya au kifaa kingine kidogo hakitahesabika tena." Wananitaka nieleze. Mkaguzi anakuja.

Mama wee. Nimesimama na tabasamu gazetini nikiwaonyesha watu ninavyovunja kanuni, halafu nikawatumia picha wenye kanuni. Hata mwizi wa kuku hufunika kuku.

Lakini barua gani ya Juni? Nimepindua duka zima. Nimetoa droo zote, nimesogeza lile kabati la Baba ambalo halijasogezwa tangu azikwe. Duane wa posta nimemsimamisha barabarani, akafungua gari lake tukatazama hadi chini ya viti. "Ardith," akaniambia, "miaka ishirini na mbili sijawahi kukupotezea hata kadi ya Krismasi." Na ni kweli.

Wewe ndiye unayetuma barua za wauzaji wa kanda hii. Nakuuliza neno moja, nijibu kwa neno moja. Ulinitumia?

Unajua mkaguzi akinifutia kibali cha kununua kwa bei ile nini kitatokea. Kila kompyuta nitakayounda itakuwa ghali kuliko ya duka kubwa la Grand Forks, na nani ataninunulia kwa huruma? Duka litafungwa. Sisemi kukutisha, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo.

Ardith

*

Minneapolis
Alhamisi, 1 Septemba 2005

Dada,

Nilituma. Wauzaji arobaini na mmoja, barua arobaini na moja, zote siku moja. Posta ni posta, hata Duane ni binadamu. Tafadhali usijitese kwa kupindua makabati.

Mkaguzi akija mwonyeshe heshima, mpe kahawa, na usizungumze zaidi ya unavyoulizwa. Najua ni vigumu kwako. Mwambie ulifuata desturi ya miaka yote. Wana huruma kwa wadogo, huwa wanaonya tu.

Ningekuja mwenyewe lakini siwezi kukosa kazi hata siku moja sasa. Nimekwisha maliza likizo zote kumpeleka Joanne hospitali. Bima yake ya matibabu ipo kwa jina langu la kazini, hakuna nyingine. Nikitoka mimi kazini inatoka na yeye. Wiki iliyopita alianza kupoteza nywele, akaniambia nisimnunulie kofia, atavaa ile ya kuvulia samaki ya baba yake. Bado dripu tano, na kisha upasuaji.

Nakuomba usinikasirikie. Nimechoka, Dada, na mimi.

Royce

*

Stavik
Jumapili, 18 Septemba 2005

Mdogo wangu,

Mkaguzi alikuja Jumatano. Anaitwa Bi Pruitt, mama wa makamo, viatu vya kutembelea, tochi ndogo mfukoni. Nilimtarajia simba. Akaja mtu ambaye naye magoti yanamuuma, kila akiinama kutazama stika anasema "aii" kama mimi. Nikampa kahawa na kipande cha keki ya Corliss, akala chote.

Tukazunguka chumba cha kompyuta wanafunzi wakiwa nje. Akaniuliza, "Mashine hizi umeziunda wewe?"

"Nimezisafisha, nimebadilisha feni, nimeongeza kumbukumbu, nimezibandika."

"Lakini madabodi ni zile zile za benki?"

"Ni zile zile. Isipokuwa nne zilizokufa, hizo niliweka mpya."

Akacheka kidogo, kicheko cha uchovu. "Basi hizo nne ni halali, mama. Kwa kanuni zetu madabodi ndiyo kompyuta. Ukibadilisha hiyo, umeunda kompyuta mpya, na diski inaruhusiwa. Hizi ishirini na sita zingine ulizozihurumia ndizo zenye tatizo."

Umeona? Zilizokufa zimepona kisheria, nzima zimekufa. Corliss akasema, "Kwa hiyo angezivunja zote kwa nyundo tungekuwa salama?" Bi Pruitt akatikisa kichwa, akasema hakuandika yeye kanuni hizo, yeye huzibeba tu. Wanataka diski ishirini na sita zirudishwe na mfumo ufutwe. Stika hazitoki, ukizivuta zinachanika vipande vipande, ndivyo zilivyotengenezwa. Zitabaki ubavuni, hazina maana yoyote.

Sasa la kwako. Tuliporudi dukani akafungua jalada lake. Kila muuzaji aliyepata barua ya Juni alirudisha kadi yenye saini kwamba ameisoma. Kanda yako ina wauzaji arobaini na mmoja. Kadi arobaini zimerudi. Hata yule mzee Gunderson wa Pembina ambaye hajibu hata barua za mahakama, kadi yake ipo. Yangu tu haipo.

Bi Pruitt akaweka kidole penye nafasi tupu. Alinitazama, akatazama jina juu ya mlango, akatazama jina lako kwenye jalada. Fossum na Fossum. Akaniuliza polepole, "Mna undugu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Samahani, mama," na sijui alikuwa ananipa pole ya nini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeusikia msemo huo maisha yangu yote nikidhani ni wa watu wengine.

Ameniachia fomu. Ina viboksi viwili tu, niweke alama kimoja na kuirudisha kabla ya tarehe thelathini. Cha kwanza: niliarifiwa mabadiliko na sikuyafuata. Nikiweka alama hapo, kibali changu kinafutwa miaka mitatu. Cha pili: sikuarifiwa. Nikiweka alama hapo, mimi nabaki na onyo tu, na suala linarudi kwa mhusika wa kanda. Nilimuuliza mhusika hufanywa nini. Akasema kwa kuwa mkuu wenu ni Bwana Tolliver, mhusika hatafika Ijumaa akiwa bado kazini.

Kwa hiyo duka la Baba liko kwenye kiboksi kimoja na dripu za Joanne ziko kwenye kingine. Nimeiweka fomu juu ya benchi, kila nikipita naigeuza, naona nimeigeuza tena.

Ukweli ndio cha pili. Mimi sijawahi kuandika uongo kwenye karatasi, hata umri wangu kwenye leseni ya gari ni sahihi na uzito pia. Niambie ulifanya nini. Mara hii usiniambie habari za posta.

Ardith

*

Minneapolis
Alhamisi, 22 Septemba 2005

Dada,

Barua yako ninayo. Ya Juni. Iko kwenye droo yangu ya chini, bahasha imefungwa, jina lako limeandikwa kwa mkono wangu, stempu ipo. Zile arobaini niliziposti, yako niliiweka.

Nilikuwa nimebakiza diski thelathini kufikisha lengo. Nilimpigia kila mtu, hakuna aliyetaka, kwa sababu wote walikuwa wameisoma barua na walijua kwamba kuanzia Agosti diski bila kompyuta nzima ni mzigo tu. Nikabaki na mtu mmoja ambaye hajaisoma. Ungeisoma usingechukua hata moja, ungenihubiria na mimi. Nilikuwa nimesikia fununu za zile mashine za benki, nikajiambia utaiuzia shule Julai hiyo hiyo, na nyaya zako, na zote zitakuwa halali, na Agosti nitakutumia barua nikisema ilichelewa. Sikuikumbuka Jumanne ya pili. Nimezaliwa hapo Stavik, nikasahau Jumanne ya pili!

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeficha vya kutosha.

Sikuombi kitu, Dada. Weka alama panapostahili. Ukweli ni kiboksi cha pili na wewe unajua na mimi najua. Joanne hajui lolote, anadhani nimekonda kwa sababu yake. Zimebaki dripu tatu, na upasuaji umepangwa Novemba. Lakini hayo si yako kuyabeba.

Nisamehe ukiweza.

Royce

*

Minneapolis
Jumatatu, 3 Oktoba 2005

Dada,

Tarehe thelathini imepita na hujaandika. Ofisini hakuna aliyeniita. Kila mlango ukifunguliwa nainuka.

Nimepiga simu dukani mara mbili, haiingii. Corliss nilimpata shuleni, akasema upo, uko mzima, hutaki kuongea na mtu. Akakata.

Andika hata mstari mmoja. Nitukane, lakini andika.

Royce

*

Stavik
Jumapili, 16 Oktoba 2005

Mdogo wangu,

Simu haikuingia kwa sababu haipo tena. Nimeikata, na umeme wa upande wa mbele nimeukata. Nilikuwa nabandua maandishi ya dirishani kwa wembe, na herufi za Baba ni ngumu kubandua, alizichora kwa rangi ya magari. Imebaki "SUM" na nimechoka kuendelea. Watu wakipita wanasoma "SUM", kama jumla ya hesabu, wanacheka, nami nacheka nao.

Niliweka alama kiboksi cha kwanza. Niliarifiwa, sikufuata. Nimeandika uongo mmoja katika maisha yangu, na nimeuandika kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri, nikatia saini. Niliirudisha kwa mkono wa Duane tarehe ishirini na tisa. Bi Pruitt akanipigia kabla simu haijakatwa. "Una hakika, mama?" Nikamwambia sina hakika ya kitu kingine chochote. Akasema ameandika.

Usiniandikie asante. Nilikuchukia siku nne nzima, nilihesabu. Nilikuwa naamka nakuchukia kabla ya kahawa. Nikikumbuka ile bahasha yenye jina langu, na wewe ukifungua droo kila siku kuchukua kalamu, unaiona, unafunga, nilikuwa naweka kikombe chini bila kunywa. Siku ya tano nikasoma tena barua yako na nikakwama kwenye mstari mmoja. "Sikuombi kitu." Nikasema, haya, angalau hilo. Mtu aliyebanwa hivyo, mke wake kitandani, na hakuniomba. Aliniachia nichague. Ungeniomba, Royce, ningeweka alama kiboksi cha pili siku hiyo hiyo na kuipeleka posta mwenyewe kwa miguu. Hukuomba, nikajua yule mtoto niliyemlea Mama alipokufa bado yumo humo ndani. Kwa ajili ya huyo nilitia saini, na kwa ajili ya Joanne.

Shule isikutie wasiwasi. Corliss amepata mfumo wa bure, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea duniani kote, hauna stika wala waya. Ameuweka kwenye zile ishirini na sita. Wiki ya kwanza wanafunzi walilalamika kwamba kila kitu kiko mahali pasipo pake, ya pili wakawa wanamfundisha yeye. Bodi ikaridhia, Jumanne ya pili.

Mimi napima malori ya viazisukari kwenye mzani wa mavuno. Nakaa kwenye kibanda, lori linapanda, naandika uzito, dereva ananitania, "Ardith, na mimi nihesabu, nimenenepa," linashuka, linakuja jingine. Saa kumi na mbili kwa siku, matope mpaka masikioni. Mavuno yakiisha sijui. Nikirudi nyumbani bado nageuka kushoto kwenda dukani, miguu haijaambiwa.

Siwezi kusema nimesamehe yote. Lakini nimekuwa nalala vizuri tangu nilipotia saini, na sikulitarajia hilo. Mpe Joanne pole za upasuaji. Nikipata siku nitakuja kumpikia.

Dada yako,
Ardith

*

Minneapolis
Alhamisi, 20 Oktoba 2005

Dada,

Barua yako imekuja jana na sijaweza kula. Ningeweza kunyamaza. Ungeendelea kulala vizuri na mimi ningeendelea na kazi, na hakuna ambaye angejua. Nimejaribu tangu jana kunyamaza na siwezi, nadhani nimemaliza akiba yangu ya kuficha.

Ule mstari uliokukwamisha niliuandika mara nne. Mara ya kwanza niliandika "Nakuomba, Dada." Nikaichana, kwa sababu nakujua, ukiombwa unakaza shingo. Tangu udogo wetu ndivyo ulivyo, mtu akikunyooshea mkono unafunga wako, na asipounyoosha unampa mpaka koti lako. Basi nikaandika "Sikuombi kitu." Nikaisoma kwa sauti jikoni, nikabadilisha neno, nikaisoma tena mpaka ikasikika kama mtu mwema. Nilijua utaweka alama wapi kabla sijabandika stempu. Zile dripu tatu niliziweka hapo makusudi. Na baada yake nikaandika kwamba si zako kuzibeba, makusudi vile vile.

Yule mtoto uliyemwona ndani ya barua hakuwa mimi. Nilimweka pale ili umwone.

Ukitaka nimwambie Tolliver ukweli, nitamwambia kesho. Sema tu.

Royce

*

Stavik
Jumapili, 30 Oktoba 2005

Royce,

Usimwambie Tolliver kitu. Kibali hakitarudi, na Joanne hana bima nyingine.

Nimekaa na barua yako siku saba kwenye kibanda cha mzani. Malori yalikuwa yanapanda na kushuka na mimi naandika uzito, sikukosea hata moja. Nilikuwa najaribu kukasirika kama ile mara ya kwanza. Haikuja. Nimechoka tu, Royce, uchovu ambao usingizi hauugusi.

Duka lilikuwa mbao na vioo na benchi la mtu aliyekwisha kufa, ningeweza kuishi bila hilo. Kutoa ni moyo, wanasema watu, na mimi wiki tatu nilitembea na moyo huo. Nilikuwa maskini wa kila kitu isipokuwa jambo moja, kwamba nilimpa ndugu yangu kitu kikubwa na nilimpa kwa hiari yangu. Nilipanda kwenye ule mzani kila asubuhi nikijiona mtu. Sasa naambiwa sikutoa. Nilichukuliwa, kwa maneno yaliyosomwa kwa sauti jikoni mpaka yakasikika vizuri.

Heri ungenyamaza. Ni jambo la ajabu kumwambia hivyo mtu niliyemlaumu kwa kuficha, lakini ndivyo ilivyo, heri ungenyamaza.

Jumanne mpeleke Joanne kwenye dripu ya mwisho. Mshike mkono, usiende kukaa kwenye gari. Usimwambie haya hata siku moja, ameandikiwa uzima, na nani atafurahia uzima akijua ulivyopatikana. Akiniuliza, nitasema duka nililifunga kwa ajili ya magoti.

Ardith Fossum